Ukitaka kilifishi Nairobi, anza na huyu

Kila anayeiona meza yangu ya matangi hapa South B huniuliza swali moja: yupi mwenye rangi kuwashinda wote, akamtafute? Namuonyesha, kisha namsihi asimnunue kwanza. Kilifishi, hawa samaki wadogo wa rangi wa kufugwa tangini (killifish kwa Kiingereza), wengi wana maisha mafupi, na anayewekwa mbele ya mnunuzi mara nyingi ni dume aliyekwisha kukomaa. Usipopata mayai yake mapema, miezi michache baadaye utabaki na maji na mawe. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kutazama mayai: hutagwa wapi, huchukua muda gani, na baridi ya Nairobi inayafanya nini. Rangi nimeipa nafasi ya pili, na hakuna hata mmoja hapa aliyenyimwa rangi.

Jina lisikupeleke Kilifi. Inaaminika lilitokana na neno la Kiholanzi la kijito. Lakini Kilifi wapo kweli: Nothobranchius interruptus alitambulishwa kisayansi mwaka 1979, na samaki waliotumika walitoka Kikambala, kaunti hiyohiyo. Pwani yetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, ndiko nyumbani kwa kilifishi wa madimbwi ya msimu. Mvua ikikatika dimbwi hukauka, wazazi hufa, mayai hubaki ndani ya tope yakingoja mvua nyingine.

Wa kwanza: Fundulopanchax gardneri

Huyu anatoka Nigeria na Kameruni, ana urefu wa sentimita 6 hivi, na kama una nafasi ya tangi moja tu nakushauri umnunue yeye. Dume ana mwili wa buluu inayoingia kijani, umetawanywa madoa mekundu kama matone ya wino, na mapezi yake yamepigwa pindo la njano. Anapenda maji ya nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi, na baridi kidogo chini ya hapo huivumilia. Kwangu hajawahi kuwekewa hita, hata Julai. Stima ikipotea usiku kucha, asubuhi namkuta yuko vilevile.

Mayai yake hayahitaji kukaushwa. Nunua uzi wa akriliki wa kufumia sweta, wa rangi nyeusi au kijani kilichokoza, uuchemshe kwanza uone kama unatoa rangi. Kata nyuzi za urefu wa kiganja, zifunge kwenye kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, ili kishada kielee tangini na samaki watage humo. Baada ya siku chache kitoe, kikamue polepole, upitishe vidole kati ya nyuzi. Utahisi vichembe vigumu kama punje za ulezi. Usiogope kuvishika, havipasuki kirahisi. Viweke kwenye kopo la maji safi, na katika wiki 2 hadi 3 vifaranga watatoka. Mara ya kwanza nilipoona macho yakigeuka ndani ya yai, nilichelewa kazini.

Nunua dume 1 na majike 2. Dume wa gardneri hana subira, na jike akiwa peke yake atafukuzwa mpaka mapezi yararuke. Akitunzwa vizuri, kila samaki wa aina hii huishi miaka 2 hivi, muda wa kutosha kujifunza na kukosea.

Wa pili: Nothobranchius guentheri

Huyu ni wetu, wa Unguja, na ndiye ninayempenda kuliko wote. Alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1893. Dume ana mkia mwekundu wa kuwaka, na kila gamba la mwilini ni buluu-kijani lenye ukingo mwekundu, utadhani leso iliyofumwa. Jike ni wa kijivu tu. Nimemweka wa pili kwa sababu moja: mayai yake yanataka mtu mwenye kuangalia.

Yeye hutaga ndani ya kitanda laini. Wengi hutumia piti, ile mboji ya kahawia wanayoinunua wenye vitalu vya miche, na vumbi la makumbi ya nazi pia linafaa ukiliosha mara nyingi kuondoa chumvi. Ichemshe, ikamue, ujaze bakuli dogo na uliweke tangini. Jozi itaingia, dume atamkumbatia jike kwa pezi la mgongoni, watatetemeka kidogo, na yai litazama. Baada ya wiki moja au mbili toa piti hiyo, ikamue kwenye wavu, iache ipoteze maji mpaka ukiifinya isidondoshe hata tone, ila bado ina unyevu wa ugoro mbichi. Itie kwenye mfuko wa plastiki, uandike jina na tarehe, uuhifadhi gizani.

Vitabu husema miezi 3 hivi. Vitabu hivyo vinafikiria chumba cha nyuzi 24. Mwaka wangu wa kwanza niliweka mfuko kwenye kabati la jikoni mwezi wa Mei, na Agosti nikaumwagia maji kwa kufuata kalenda. Walitoka vifaranga 7, na wote walitambaa chini ya bakuli kama funza, kibofu cha hewa kikiwa hakijajaa. Hakupona hata mmoja. Baridi ya Juni na Julai ilikuwa imeyachelewesha mayai, nami sikufungua kuyatazama. Siku hizi mfuko unakaa juu ya friji, kwenye joto la nyuma, na sigusi maji kabla sijachukua mayai machache na kuyatazama kwa lenzi ya kukuzia juu ya tochi ya simu. Yakiwa tayari utaona macho mawili meusi, kila jicho na pete ya dhahabu. Hapo ndipo unamwaga maji ya baridi kidogo, nyuzi 18 hivi, na ndani ya saa chache wanaogelea. Siku hiyohiyo wanataka kula artemia, vikamba vidogo sana, waliotoka kuanguliwa. Kama huna mayai ya artemia nyumbani, usilowanishe piti.

Faida yake kwa mnunuzi ni kubwa: mayai haya yanasafiri kwenye bahasha. Ukipata mfugaji wa hapa nchini, utanunua kizazi kizima kwa gharama ndogo kuliko jozi moja hai. Kuleta kutoka nje ni jambo la vibali, na sikushauri uanze huko.

Wa tatu: Aphyosemion australe

Kutoka Gabon, mpole, mkia wenye ncha mbili ndefu nyeupe. Nairobi inamfaa sana kwa joto, kwani nyuzi 21 hadi 24 ndizo anazotaka. Hutaga kwenye uzi kama gardneri. Kinachomshusha ni maji. Anapenda maji laini, na maji ya visima yanayoletwa na malori mitaani mara nyingi yamejaa madini. Kama mtaa wenu mnapata maji ya mfereji, yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana mzima ili klorini itoke, naye atatulia. Kama mnaishi kwa maji ya kisima, rudi kwa wawili wa juu.

Wa nne: Aplocheilus lineatus wa dhahabu

Asili yake ni India, anafika sentimita 10, ni mgumu na hana taabu. Atawameza samaki wako wadogo kama guppy. Mnunue kama una tangi refu lenye samaki wakubwa wenzake.

Wa kungoja

Nothobranchius rachovii wa Beira, Msumbiji, ndiye yule mwenye rangi zote, buluu na chungwa kwa pamoja. Mayai yake hukaa nusu mwaka au zaidi, na vifaranga ni wadogo mno. Nothobranchius furzeri wa Zimbabwe na Msumbiji ni maarufu kwenye maabara za utafiti wa uzee. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba porini anaweza kukomaa kwa siku 14. Ni kasi ya ajabu, na ndiyo sababu simpi mtu anayeanza.

Siku ya kulipa

Uliza samaki ametoka dimbwi gani. Majike wa Nothobranchius wanafanana mno, na ukichanganya koo utapata machotara ambao huwezi kuwarudisha nyuma. Muuzaji asiyejua jina la mahali, mwombe angalau uhakika kwamba dume na jike wametoka kwenye mfuko mmoja wa mayai. Usiende kuvua pwani mwenyewe, madimbwi yale yanafukiwa kila mwaka na yaliyobaki yaachwe. Na samaki wa tangi asimwagwe mtoni kamwe.

Mmulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona vumbi la dhahabu kwenye ngozi, na mapezi yamebanwa mwilini, ni ugonjwa unaowapenda sana Nothobranchius. Usimchukue hata akipunguzwa bei. Mimi huwawekea chumvi gramu 1 kwa kila lita, na huo ugonjwa sijauona tena. Chagua dume mdogo ambaye rangi ndiyo kwanza inaingia, usimchague yule mkubwa aliyeiva, maana umri wake umeshaliwa dukani.

Tangi la lita 20 linatosha kwa watatu, pamoja na chujio la sponji na pampu ndogo ya hewa. Kilifishi wanaruka, tena hupita kwenye upenyo wa kidole. Fundi wa vioo anapokuunganishia tangi, akukatie kifuniko siku hiyohiyo, na tundu la mpira wa hewa lizibwe kwa kipande cha sponji kabla samaki hajaingia.