Wapelelezi wa kike wa redio ya zamani: tathmini ya memori kadi niliyonunua Mwanga, Kigoma

Karibu na soko la Mwanga, hapa Kigoma mjini, kipo kibanda kinachowawekea wateja nyimbo, mahubiri na filamu kwenye memori kadi na flashi, na siku hizi mwenye kibanda ameongeza bidhaa ambayo sijaiona kwingine mjini: michezo ya redio ya Marekani ya kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950, ambayo mashujaa wake ni wapelelezi wa kike. Bei ni shilingi 5,000 pamoja na kadi yenyewe. Naitathmini bidhaa hii kwa sababu naamini inawafaa sana wale waliolelewa na michezo ya Redio Tanzania na ambao bado wanapenda kusikia kisa bila kuonyeshwa picha.

Ningeinunua kadi nzima kwa ajili ya Candy Matson peke yake. Mchezo huo ulirushwa na NBC, shirika la utangazaji la Marekani, kutoka San Francisco kati ya mwaka 1949 na 1951. Mwandishi wake alikuwa Monte Masters, na sauti ya Candy ni ya mkewe, Natalie Masters. Kisa huanza kwa mlio wa simu, Candy anaipokea kwa kutaja namba yake, YUkon 2-8209, na tangu hapo yeye ndiye anayetusimulia. Hilo lina uzito mkubwa, kwa kuwa msimulizi wa mchezo wa redio ndiye macho ya msikilizaji: ndiye anayeamua tuone nini chumbani, tumshuku nani na tushtuke wakati gani. Katika michezo mingi ya upelelezi ya enzi ile macho hayo yalikuwa ya mwanamume, naye mwanamke aliingia akiwa mteja mwenye machozi, katibu muhtasi au maiti. Candy, aliyekuwa mwanamitindo kabla ya kuona kwamba upelelezi una kipato kizuri zaidi, anafanya kazi yake kama fundi anayejua thamani ya mikono yake. Rafiki yake Rembrandt Watson, mpiga picha, humsaidia. Luteni Ray Mallard wa polisi hubishana naye, na katika mabishano hayo mapenzi yanasikika waziwazi.

Nina nung'uniko moja la dhati kuhusu mchezo huu. Katika kisa cha mwisho, Mallard anamposa Candy, naye anaiacha kazi. Sisi tuliomsikiliza Tunu wa Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania, kuanzia mwaka 1993, mke wa dereva wa lori Mkwaju aliyeamua kujisimamia na kuanzisha biashara yake, tunajua kwamba mchezo wa redio unaweza kumwandikia mwanamke njia nyingine. Najua kuwa miaka zaidi ya 40 inatenganisha michezo hiyo miwili, lakini bado inauma kumsikia mpelelezi hodari namna ile akiaga kwa sababu amepata mchumba.

Sehemu nyingine za kadi hazilingani kwa ubora. Pam North, wa mchezo wa Mr. and Mrs. North ulioanza kama mchezo wa upelelezi mwaka 1942, anafurahisha kwa sababu mawazo yake yanaruka hatua tatu na kutua kwenye jibu, ila mumewe yupo pembeni karibu kila wakati, kama ilivyo kwa Nora Charles wa The Adventures of the Thin Man. Phyl Coe wa mwaka 1937 alibuniwa ili kuitangaza Philco, kampuni iliyotengeneza redio, na msikilizaji alishindania zawadi kwa kuandika suluhisho la kesi. Visa vyake ni vifupi, na leo vina ladha ya chemshabongo kuliko ya tamthilia. Kitty Keene, aliyeendesha ofisi yake ya upelelezi katika mchezo wa mfululizo wa mchana kati ya mwaka 1937 na 1941, ningependa kumsikia zaidi, lakini kadi ina vipande vichache tu.

Kuhusu huduma yenyewe, muuzaji ni muungwana na aliniruhusu kusikiliza kwanza kwenye spika yake kabla ya kulipa. Hata hivyo faili zimepangwa kwa namba zisizo na majina, hivyo kisa cha mwisho cha Candy kinaweza kukutangulia kabla ya vile vya awali, na baadhi ya rekodi zina mkwaruzo unaomeza maneno. Kiingereza cha michezo hii ni cha mitaani na cha kasi. Nilipomsikilizisha mama mdogo, ilinibidi kusimamisha kila baada ya dakika chache ili nimweleze nani amemdanganya nani, naye akamtambua muuaji kabla yangu kwa kufuata sauti tu.

Mahali kadi hii inapofaa zaidi ni kwenye treni ya Kigoma kwenda Tabora. Baada ya Uvinza mtandao hukatika kwa muda mrefu, na kisa cha nusu saa hakihitaji bando wala mwanga wa kioo. Beba spika za masikioni, kwa kuwa abiria wa jirani wataomba kusikia na utajikuta unatafsiri hadi Kaliua. Muuzaji akikuuliza unataka nini, mwambie akuwekee visa vyote vya Candy Matson alivyonavyo, kisha mwombe aviandike majina na tarehe. Mimi aliniandikia alipoombwa, bila kuongeza bei.