Google Scholar kwa anayetaka kujua utafiti wa msomi umefika wapi: nyota nne kati ya tano

Google Scholar, ile huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma na kuona yamenukuliwa na nani, naitumia karibu kila siku tangu naanza masta, ila mwaka jana ndo nimeijua kiundani, maana niliombwa kumsaidia Dokta wangu, mama aliyenisimamia, kuandaa faili lake la kupanda cheo. Yeye anatafiti elimu ya juu, hasa mikopo ya wanafunzi, nani anapata, nani anakosa, na aliyekosa anaishije pale chuoni. Kamati ikataka aonyeshe utafiti wake umeleta nini, na fomu ilikuwa na kiboksi kimoja tu cha kuandika namba. Miaka ishirini na kitu ya kazi, kiboksi kimoja! Kiliniuma kwa kweli.

Nianze na sifa. Ni bure, na inafunguka vizuri tu hata kwenye simu yenye bando la kuungaunga. Ilianza 2004, mwaka uleule ambao Scopus nayo ilitoka, sema Scopus na Web of Science, hifadhidata nyingine za kuhesabu nukuu, zinalipiwa, na hata ukizipata, macho yao yako zaidi kwenye majarida na mengi ni ya Kiingereza ya Ulaya na Marekani. Sasa mtu anayetafiti vyuo vikuu vya Afrika kazi zake zimetapakaa, nyingine ziko kwenye vitabu vya CODESRIA, lile baraza la utafiti wa sayansi ya jamii Afrika kule Dakar, nyingine kwenye majarida yanayopatikana AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, nyingine ni ripoti, na wanaomnukuu wengi ni wanafunzi ambao tasnifu zao zimepakiwa kwenye maktaba za mtandaoni za vyuo vyao. Google Scholar inaokotaokota humo mote.

Mchukue Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda. Kitabu chake cha 2007 kuhusu Makerere, jinsi chuo kilivyofungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia na vitivo vikaanza kugombania kozi zinazoleta hela, kimetolewa na hao hao CODESRIA, na kitabu cha namna hiyo kwenye mizani ya majarida peke yake ni rahisi kupotea. Google Scholar unakikuta, na unawaona waliokinukuu. Ila kitu ambacho hutakikuta ni kwamba 2010 alirudi Makerere kuongoza MISR, taasisi ya utafiti wa jamii ya chuo hicho, na akaanzisha PhD ambayo mwanafunzi anakaa darasani asome kwanza, siyo kukimbilia kazi za ushauri wa kitaalamu. Mimi naona hiyo ndo athari ya utafiti kuliko namba yoyote, na haina pa kuingia kwenye profaili, yaani ukurasa wa msomi humo Google Scholar.

Turudi kwa Dokta. Chini ya kila kazi kuna kale kamstari kanakosema imenukuliwa mara ngapi, watu wengi wanasoma namba wanaondoka, mimi nawaambia kabofyeni. Pepa yake moja ya zamani ilikuwa na 41. Nilikaa jioni tatu nafungua moja baada ya nyingine. Nyingine zilimtaja kwenye mabano na wenzake sita, hata hujui kama mwandishi alimsoma. Halafu nikafika kwenye tasnifu ya masta ya kijana mmoja Kenya, kurasa nne nzima anaeleza kwamba amechukua namna ya Dokta ya kuuliza, kwa sababu Dokta kwenye dodoso lake hakuanza na "una mkopo?", alianza na "leo umekula mara ngapi?" na yule kijana akaenda nalo swali hilohilo hosteli kwa hosteli. Nilimpelekea Dokta ofisini, akasoma kwenye skrini yangu kimya, akavua miwani, akasema, "Kumbe limefika huku." Kwenye hesabu ya Google ile tasnifu ni moja, sawasawa na yule wa kwenye mabano.

Hapo ndo naikata nyota moja. Inahesabu, haipimi uzito. Mtu akijinukuu mwenyewe inahesabu, na uchujaji wake ni mdogo mno: 2010 mwanasayansi wa kompyuta Mfaransa, Cyril Labbé, alitunga msomi ambaye hayupo duniani, Ike Antkare, akampakilia pepa za uongo zinazonukuana zenyewe, na h-index yake, kipimo cha nukuu ambacho nakieleza hapo chini, ikapanda mpaka 94. Kwa hiyo ukiona profaili ina namba za kutisha, fungua uone zinatoka wapi, hasa siku hizi ambapo kuna majarida ya lipa uchapishwe, rafiki yangu mmoja alilipa akachapishwa ndani ya siku nne bila mtu kumrekebisha hata koma.

Na hiyo h-index yenyewe, iliyoletwa na mwanafizikia Jorge Hirsch 2005, ieleweni kabla hamjaitumia kumhukumu mtu. Ukiwa na 9 maana yake una kazi tisa ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara tisa. Basi. Mwenye kitabu kimoja kilichonukuliwa mara 600 na pepa mbili zilizonukuliwa mara tatu tatu anapata 3. Tatu!

Makala za magazetini ndo kwa kawaida haiziokoti, na hili kwa mtu wa mikopo ni pengo kubwa, maana Dokta aliandika kwa Kiswahili gazetini na nimemwona kwa macho yangu mzazi amekuja ofisini na kipande cha gazeti kimekunjwa mara nne mfukoni, anauliza mwanangu akate rufaa vipi.

Kitu kingine kizuri, kazi alizoandika kwa jina la baba yake kabla ya kuolewa tuliziongeza wenyewe, na zilizojirudia unaziunganisha. Mkifungua profaili thibitisheni na imeili ya chuo, bila hivyo haitokei watu wakitafuta.

Kiboksi tukakijaza namba kama walivyotaka. Nyuma yake tukaambatanisha kurasa sita, nani amemnukuu, ameifanyia nini kazi yake, na ile tasnifu ya Kenya juu kabisa. Karani akauliza hizi aziweke wapi maana fomu haina sehemu yake. Dokta akamwambia, "Mwanangu, zibane hapohapo kwenye namba."