Betri ya pili kwa gari la safari: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kambini Seronera, ndani ya Serengeti, wageni wameshapanda na kamera shingoni. Nikazungusha ufunguo, stata ikalia "tk, tk" basi. Friji ilikuwa imeinywa betri usiku kucha. Land Cruiser iliyorefushwa, ikiwa imejaa mizigo, haisukumwi na watu wanne. Tangu siku ile sikubali friji na stata zitegemee betri moja, na dereva mwenzangu akiniuliza anunue ipi, namwambia aanze na hesabu.

Friji ya kompresa ya lita 40 huvuta kama ampea 4 inapowaka, lakini haiwaki muda wote. Kwa joto letu, weka ampea-saa (ampea mara saa zinazotumika) 40 hadi 50 kwa siku nzima. Ongeza chaji za kamera, simu na taa za hema, fikisha 60. Sasa, betri yoyote ya risasi, iwe ya maji au kavu, ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Yaani betri iliyoandikwa 100 inakupa 50 tu. Ya lithiamu inakupa 80 na zaidi bila kuumia.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni lithiamu ya ampea-saa 100, aina ya LiFePO4, pamoja na chaja yake ya betri kwa betri ya ampea 30, ile inayoijaza kutoka betri ya stata injini ikiwaka. Ina kilo 11 hadi 13, wakati ya risasi ya ukubwa huohuo inakaribia 30, na inavumilia kujazwa na kutumika zaidi ya mara 2,000. Chaja usiiruke. Lithiamu ikiunganishwa moja kwa moja hufyonza umeme kwa pupa, na alteneta inaweza kupata joto hadi kuungua, hasa gari likiwa limesimama linanguruma mbele ya simba. Chaja huibana ibaki ampea 30, kwa hiyo saa mbili za kuendesha zinarudisha zile 60 ulizotumia. Ifunge ndani, nyuma ya kiti. Chini ya boneti joto litaiua. Na dukani iinue kwa mkono: iliyoandikwa 100 lakini ina kilo 6 au 7, mwachie mwenyewe.

Namba mbili ni AGM, ile betri kavu ya matumizi ya muda mrefu. Haimwagiki, na rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, za kutoka Naabi hadi Seronera inazistahimili vizuri kuliko ya maji. Kwa gari la zamani lenye alteneta ya kawaida, inatosha kuifungia rilei ya kutenganisha: injini ikiwaka na volti zikafika kama 13.3 inaziunganisha betri, ukizima na volti zikashuka chini ya 12.8 inaziachanisha, na ya stata inabaki salama. Tatizo lake ni kwamba sehemu ya mwisho hujaa polepole sana, na betri ya risasi inayolala bila kujaa kila siku hufa mapema. Mwenye safari fupifupi aongeze paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa. Kama mfuko haufiki lithiamu, chukua hii kwa amani.

Namba tatu, betri ya maji ya sola. Bei yake ni nafuu, lakini hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo haifai kukaa walipo watu, na mtikisiko hupukutisha bamba zake. Inafaa kwa gari linaloegeshwa sana kambini.

Ya mwisho ni N70 ya kawaida, ambayo mafundi wengi wataifunga kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiishusha kila usiku, haimalizi msimu mmoja. Usinunue.

Kabla ya kulipa, funua boneti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli kutoka Japani zina betri mbili zilizofungwa mfululizo, mfumo wa volti 24. Hapo vifaa vyote vinabadilika.

Halafu waya. Fundi mmoja aliwahi kunifungia friji kwa waya mwembamba kama wa spika. Betri ilisoma volti 12.5, kwenye plagi ya friji nikapata 11.3, friji inajizima yenyewe na mimi nalaumu betri. Nilipoubana ule waya kwa vidole, ganda lilikuwa laini kama nta. Kwa chaja ya ampea 30 dai waya wa milimita 16 za mraba. Kwa rilei, 25. Fyuzi ziwe mbili, kila moja shibiri moja kutoka kwenye betri yake, kwa kuwa waya unaounganisha betri hizo mbili una umeme pande zote mbili.

Dukani nenda na mita yako ya volti. AGM mpya inasoma kama 12.8. Ikionyesha chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu bila chaji. Omba nyingine.