Filamu na vitabu nilivyovimaliza na nilivyoviacha njiani

Tuanze na filamu iliyoachwa, maana haikuleta ubishi nyumbani: sote tulichoka pamoja. The Siege of Jadotville ni filamu ya 2016. Jadotville ndiyo Likasi ya leo, kilomita kama 120 kutoka hapa Lubumbashi, na mama yangu alizaliwa huko, kwa hiyo tulikaa kuitazama kwa hamu kweli. Inasimulia kikosi cha wanajeshi wa Ireland chini ya kamanda Pat Quinlan, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, wakazingirwa Septemba 1961 na askari wa Katanga, jimbo letu ambalo Tshombe alikuwa amelitenga na Kongo, pamoja na mamluki. Kisa chenyewe ni cha kweli na ni kikali. Walishambuliwa asubuhi wengi wao wakiwa kwenye misa, wakapigana siku kadhaa hadi risasi na maji vikawaishia, wakajisalimisha, na hakufa hata mmoja wao.

Bunduki zinalia vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini ilipigwa Afrika Kusini, na mama ndiye aliyeuliza vichuguu viko wapi. Aliyewahi kupita barabara ya Likasi anajua: vichuguu vyetu vinampita mtu urefu, vingine vimeota miti juu, huwezi kupiga picha ya pori kimoja kisijitokeze. Hadi tulipozima, sikuona hata kimoja. Hilo ningelisamehe. Kilichonishinda ni kwamba watu wa Jadotville hawamo. Mji wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, wenye soko, shule, parokia na baa, umekuwa uwanja mtupu: Waafrika wanatokea kwa mbio, wanapigwa, wanaanguka, wanatokea wengine. Wakubwa tu ndio wanaopewa maneno. Mama aliinuka kwenda kusonga bukari, ugali wetu, nami nikazima.

Niseme mapema ninapimaje, ili usije ukanilaumu mbele. Nauza dawa kwenye famasi ndogo mtaa wa Katuba, nasoma nyuma ya kaunta mchana wateja wakipungua, na sina muda wa kitabu kinachonisimulia kwa mgeni huku mimi nimekaa palepale. Kinisemeshe mimi. Kikinitukana, sawa, lakini kinitukane uso kwa uso.

Ndiyo maana Augure nimeirudia. Baloji, aliyeitunga na kuiongoza, alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, akakulia Ubelgiji, na wengi wetu tulimjua kwanza kwa muziki. Filamu ni ya 2023, ilipigwa Kinshasa na hapa kwetu, na huko Cannes ilipewa tuzo ya Sauti Mpya katika kundi la Un Certain Regard. Koffi anarudi nyumbani kutoka Ubelgiji na mchumba wake mzungu, Alice, mwenye mimba, ili alipe mahari na kupata baraka ya baba. Ni mtoto aliyezaliwa na alama usoni, na kwa alama hiyo familia ilimhesabu mulozi, yaani mchawi, tangu utotoni.

Kuna dakika chache pale kwenye mkutano wa familia ambazo zinatosha kuifanya filamu nzima. Koffi amempakata mtoto mchanga wa dada yake. Pua yake inaanza kutoka damu, na tone linaangukia mtoto. Basi. Wale waliokuwa wakiongea naye kwa adabu ya wageni wanamnyang'anya mtoto, kelele zinapanda, na mara hakuna tena mgeni wala mwana wa nyumba, kuna mshtakiwa tu. Baadaye anavishwa kinyago cha mbao na misumari inapigiliwa kikiwa bado kichwani. Mdogo wangu alicheka kidogo mwanzoni, akanyamaza. Tunazo familia za namna hiyo mtaani kwetu, zenye mapenzi kabisa, zinazoweza kukukaribisha kwa sombe ya majani ya muhogo na samaki thomson saa saba, na saa tisa zikakufungia kikao cha kukuhukumu. Baloji hakumweleza mtazamaji wa Ulaya kwa nini. Alice hafahamu, na filamu inamwacha asifahamu. Mimi nilifahamu kila jicho lililopigwa.

Si kwamba yote ni sawa. Filamu imegawanywa sehemu nne, kila moja na mtu wake, na ile ya Paco, kijana wa mitaani na genge lake la magauni ya waridi, ni nzuri kwa macho lakini mavazi yalinipotezea kisa. Sehemu ya Tshala, dada yake Koffi, ningetaka iwe ndefu zaidi. Huyo ndiye aliyebaki kati ya hao wote na kuishi maisha yake kwa ukaidi bila kukimbilia Ulaya, halafu tunapewa muda mfupi naye. Ya mwisho, ya Mama Mujila, ndiyo bora. Mama aliyekuwa mkali tangu mwanzo, ambaye nilikuwa nimekwisha kumchukia, filamu inamgeukia yeye na kumuuliza alitendwa nini.

Mwandishi Fiston Mwanza Mujila naye ni mtoto wa hapa, wa 1981, sasa anaishi Graz, Austria. Riwaya yake Tram 83 ilitoka 2014 na kila msomi wa mji huu amenishauri niisome. Binamu yangu wa chuo kikuu alinikopesha. Inakwenda kwa mapigo, sentensi inaanza kwenye stesheni ya chuma isiyokamilika na kumalizikia kaunta ya baa ikiwa imebeba wachimbaji, wanafunzi, watalii na wapiga saksofoni wote. Kurasa za kwanza nilizisoma kwa raha kubwa. Halafu wanawake. Kila baada ya mistari michache anatokea mmoja wa kuuliza wanaume kama wana saa, ndiyo namna yao ya kuanza biashara, na mwandishi anaurudia mstari huo kama kibwagizo. Najua ni muziki, nimeelezwa. Lakini wanawake wa kazi hiyo wananunua dawa kwangu. Wana majina, wana watoto wenye kikohozi, wanabishana nami bei ya parasetamoli na kuniuliza kama shati limewakaa vizuri. Theluthi ya kitabu ikapita bila hata mmoja wao kuniambia jambo la pili. Nikakifunga. Binamu amekasirika.

Cha kushangaza, La Danse du Vilain ya mwandishi huyohuyo, ya 2020, niliimaliza. Iko kati ya Lubumbashi ya siku za mwisho za Mobutu na migodi ya almasi ya Lunda Norte kule Angola, na kule anatawala Tshiamuena, anayeitwa Madona wa migodi ya Cafunfo, mwanamke mwenye maneno kuliko mapadri kumi. Huyo haulizi mtu saa. Ukitaka kuanza na Mujila, anza na huyo.

Riwaya ya Congo Inc. ya In Koli Jean Bofane niliiacha kwa sababu nyingine kabisa. Isookanga, kijana wa msituni anayeiba kompyuta na kushuka Kinshasa kutafuta utandawazi, na Mchina mwenzake wa kuuza maji ya mifuko, walinifanya nicheke mbele ya wateja. Kisha kitabu kinakwenda Kivu, mashariki mwa nchi, na kuonyesha waliyofanyiwa watu huko, bila pazia. Kimeandikwa vizuri mno, na ndiyo tatizo. Nina wateja waliokimbia kutoka huko. Sikuweza kusoma kurasa hizo na kisha kuinua uso kumhesabia mama kama yule vidonge vyake.

Sasa kilichonifurahisha kuliko vyote si riwaya. Ni maandishi ya André Yav ya mwaka 1965, Vocabulaire de ville de Elisabethville (ndilo jina la zamani la Lubumbashi), historia ya mji huu iliyoandikwa kwa Kiswahili chetu hichihichi, si cha Unguja. Yav aliiandika kwa niaba ya waliokuwa boyi, watumishi wa nyumba za wazungu, ili visa vya baba zao visipotee. Anaanzia mbali, kwenye zama za Leopold wa Pili, na kushuka hadi uhuru. Ilipigwa taipu, ikazungushwa mkononi, na pengine ingeishia kwenye sanduku la mtu kama mwanaanthropolojia Johannes Fabian asingeichapisha 1990. Inasomeka bure kwenye intaneti.

Kwa macho peke yake haisomeki. Maneno yamegandana, nukta hazina utaratibu, Kifaransa kimeandikwa kinavyosikika. Fabian mwenyewe ilibidi amwombe Kalundi Mango, mtu wa hapa, amsomee kwa sauti. Nami nikafanya hivyo, nikamsomea nkambo wangu, yaani babu, ambaye akiwa kijana alikuwa boyi wa mezani kwa Wabelgiji miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Ukisoma kwa sauti, ghafla unasikia mzee anaongea. Nkambo hakusikiliza kwa heshima hata kidogo. Alikatiza, alikataa, alisema huyu Yav anawasifu mno wapishi, wapishi walikuwa na kiburi. Alipoona siamini kazi yake ilikuwa na ufundi, aliinuka, akachukua sahani ya bukari, akanionyesha jinsi ya kuipitisha kutoka kushoto kwa mgeni, kidole gumba kisiguse ukingo. Kitabu gani kingine kimewahi kupata ubishi wa namna hiyo kwenye nyumba yetu? Kasoro ninayo: baadhi ya majina yanarundikana bila kuelezwa, na mtu asiyekuwa na mzee pembeni atachoka mapema.

Ya mwisho ni Soundtrack to a Coup d'Etat ya Mbelgiji Johan Grimonprez, filamu ya 2024 inayounganisha jazi ya Wamarekani weusi na kuangushwa kwa Lumumba. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong alitumbuiza hapa hapa Élisabethville Novemba 1960, Lumumba akiwa amezuiliwa nyumbani kwake Léopoldville, Kinshasa ya leo, na miezi miwili baadaye, tarehe 17 Januari 1961, wakamuua karibu na mji huu. Nililijua la Lumumba. La tarumbeta sikulijua. Matangazo ya simu na magari ya umeme anayoyachomeka katikati yananikera, ingawa naelewa anaitaja shaba na kobalti yetu. Inachukua saa mbili na nusu, na maandishi yanajaa skrini mfululizo, madogo, yanapita upesi. Usiitazame kwenye simu. Tafuta kompyuta, ichaji kabisa kabla umeme haujakatika, na umweke pembeni mtu anayesoma haraka.