Shia Mchana, Pazia Zito Usiku: Tathmini ya Mapazia ya Tabaka Mbili

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam dirisha la sebule halitazami bustani wala bahari. Hutazama kichochoro, ukuta wa jirani ulio hatua chache tu, au njia ya mtaa ambamo bodaboda, wauza maji na watoto wa shule hupita kutwa nzima. Kwa sababu hiyo seti ya mapazia mawili na shia moja, yaani pazia jepesi linalopenya mwanga, imekuwa karibu sare ya madirisha ya mjini, na wauzaji huinadi kwa urembo wake wakati wanunuzi wengi wanachotafuta hasa ni stara. Seti ninayoitathmini hapa ilinunuliwa katika duka la vitambaa la Kariakoo na kushonwa na fundi wa duka hilohilo, kwa ajili ya sebule na vyumba viwili vya kulala vya nyumba isiyo na ghorofa. Nyuma, karibu na kioo, kuna shia nyeupe ya poliesta; mbele yake, upande wa chumbani, kuna pazia zito la kijivu, na kila tabaka lina fimbo yake.

Naanza na shia, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa kupita kiasi. Muuzaji hukuhakikishia kwamba wewe utamwona aliye nje na yeye hatakuona, na maneno hayo ni ya kweli ilimradi jua lipo. Mchana mwanga wa nje ni mkali kuliko wa ndani. Kitambaa cheupe huurudisha mwanga huo kwa mpita njia, naye huona weupe mtupu, huku aliye ndani akiona uani bila taabu kubwa. Taa ya sebuleni ikishawashwa na nje kukiwa giza, mambo hugeuka kabisa: mwanga mkali sasa uko ndani, na shia ileile huonyesha kochi, televisheni, meza ya chakula na waliokaa kuizunguka. Akisimama mtu kati ya taa na dirisha, hata shia nene huchora umbo lake lote. Kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu na Ikweta, mwaka mzima jua huzama baada ya saa 12 jioni na kabla ya saa 1 usiku, na giza huingia upesi, kwa hiyo muda wa kukumbuka kuvuta pazia ni mfupi. Ni vyema kila familia ijaribu jambo hili mara moja: mmoja abaki chumbani taa ikiwaka, mwingine atoke nje asimame pale wanapopita watu.

Rangi ya shia nayo ina uzito wake, ingawa dukani huzungumzwa kana kwamba ni suala la kulingana na makochi tu. Shia nyeupe au ya maziwa huficha zaidi mchana kwa sababu hurudisha mwanga mwingi zaidi. Ya kahawia au ya kijivu iliyokolea humpa aliye ndani mandhari safi zaidi, lakini hairudishi mwanga wa kutosha kumziba macho aliye nje. Kwa dirisha linalotazama kichochoro ningechagua nyeupe bila kusita, na iliyokolea ningeiacha kwa nyumba za ghorofani ambako hakuna jirani wa ana kwa ana.

Mahali ambapo wanunuzi hupunjwa, au hujipunja wenyewe wakitaka kuokoa fedha, ni upana. Vitambaa vingi vya shia huja na upana wa takribani sentimita 280, na upana huo ndio unaogeuzwa kuwa kimo cha pazia, hivyo mita unazokatiwa dukani ndizo zinazosambaa ukutani. Tuchukue dirisha la futi 5, yaani sentimita 152 hivi. Fimbo inapaswa kulizidi kwa sentimita 20 au 25 kila upande, ili mtu asichungulie pembeni na ili pazia likifunguliwa lisikalie kioo. Fimbo basi inafika karibu mita 2. Shia ya fimbo hiyo inahitaji mita 4 hadi 5 za kitambaa, kwa kuwa ni mikunjo inayoficha: kitambaa kilicholala juu ya kitambaa hupunguza uwazi, ilhali kitambaa kilichotandazwa bila mikunjo huonekana kama wavu wa mbu. Duka nililolitumia lilipendekeza mita 3 kwa dirisha la kipimo hicho, na sababu pekee iliyotolewa ni kwamba wateja wengi huchukua hivyo. Nilishikilia mita 5, na tofauti yake inaonekana ukilinganisha na madirisha ya jirani.

Pazia zito linastahili sifa zaidi kuliko linavyopewa. Kitambaa tulichochagua kimefumwa kwa nyuzi nyeusi katikati, kati ya nyuso mbili za kijivu, kwa hiyo kinazuia mwanga bila kupakwa kitu mgongoni. Dukani kulikuwa pia na aina iliyopakwa utando mweupe unaofanana na mpira, ambayo huzuia mwanga kwa ukamilifu zaidi na ni rahisi kuitambua kwa kuipapasa. Kwa joto na unyevunyevu wa pwani siipendekezi: ikikunjwa muda mrefu huweza kujishikisha, utando hupasuka kwa kufuliwa mara kwa mara, na pasi haiwezi kuugusa upande ule. Njia ya kupima kabla ya kulipa ni kuweka tochi ya simu nyuma ya kitambaa. Ukiona nukta za mwanga tu, kinafaa chumba cha kulala. Ukiona umbo la vidole vyako, hicho ni cha sebuleni.

Hata hivyo tabaka hili lina gharama yake, nayo ni hewa. Usiku wa Februari, pazia zito likiwa limefungwa kikamilifu, upepo wa dirishani hukatika na feni hubaki ikizungusha joto lilelile. Mababu wa Mji Mkongwe, Zanzibar, waliipatia ufumbuzi shida hii kwa mbao za dirisha zilizopangwa kwa mshazari, zinazopitisha upepo na kukata jicho la mpita njia kwa wakati mmoja, na sijaona pazia lolote la madukani linaloifanya kazi hiyo kwa ustadi ule. Ufumbuzi wetu ni wa wastani tu: chumbani tunazima taa kwanza, kisha tunalifungua pazia zito na kuiacha shia peke yake. Chumba kikiwa giza sawa na nje, hakuna kinachoonekana, na upepo unapita.

Fimbo ndizo zilizonisikitisha. Zile za jozi zinazoshikwa na kishikizo kimoja ni za lazima kwa tabaka mbili, lakini zilizoletwa na duka zilikuwa za chuma chepesi kilichopakwa rangi ya dhahabu, na ya mbele ilianza kupinda katikati kwa uzito wa pazia. Kwa fimbo inayozidi mita 1.5, dai kishikizo cha tatu katikati. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, afadhali aluminiamu au chuma kisichoshika kutu, hata kama having'ai sana. Angalia pia nafasi kati ya fimbo mbili na umbali wa ile ya nyuma kutoka ukutani. Palipo na nondo za ndani au vishikio vya dirisha vilivyojitokeza, shia hunasa kila inapovutwa na huchanika mapema.

Ushonaji wa fundi ulikuwa safi: pindo la chini ni pana kiasi cha kuteremsha pazia likirudi, ringi zimebanwa sawasawa, na mapazia yanagusana katikati bila kuacha ufa. Wapo watakaouliza kama karatasi ya kutia giza vioo isingetosha kwa gharama ndogo. Mchana inatosha, lakini nayo hufuata kanuni ileile ya mwanga, kwa hiyo usiku bado utahitaji pazia.

Jikoni na bafuni sikuweka tabaka mbili, na sioni sababu ya mtu kufanya hivyo: karibu na jiko la gesi shia ndefu ni hatari ya moto, na bafuni kitambaa hushika ukungu. Huko pazia fupi la pamba linaloziba nusu ya chini ya dirisha linatosha, mradi kitambaa kilowekwe na kukaushwa kabla ya kushonwa, kwa sababu pamba hurudi.