Praima ya kijivu chini ya manjano: uzoefu wangu na duka moja la rangi Tanga

Mtu yeyote anayetaka kuipiga pikipiki yake rangi ya manjano asikubali kuuziwa praima (ile rangi ya msingi inayopigwa kwanza, chini ya rangi yenyewe) ya kijivu, hata aambiwe nini na aliye kaunta. Naandika haya nikiwa bado nina hasira, na hasira yenyewe haitokani na kopo la praima peke yake, bali na namna nilivyojibiwa katika duka moja la vifaa vya rangi hapa Tanga, ambalo jina lake nalihifadhi.

Pikipiki ni Suzuki TF yangu mwenyewe, ninayokwenda nayo kufundisha shule iliyo nje ya mji. Kadi yake inasema ni ya manjano, nami nilitaka ibaki ya manjano. Hewa ya chumvi ilikuwa imekwisha kulila tangi la mafuta kwenye mshono wa chini, madgadi zilikuwa zimepauka, na fundi rangi wa mtaani kwetu, mtu mpole asiyependa maneno mengi, aliniandikia mahitaji yote kwenye kipande cha boksi: praima nyeupe na hadina yake (dawa ya kuikaza), thina ya kuzimulia, msasa namba 400 na 800, rangi ya manjano, na klia, ile vanishi isiyo na rangi inayopigwa mwisho. Neno «nyeupe» alilipigia mstari.

Nilipofika dukani nilisalimu, sikuitikiwa. Kijana aliyekuwa kaunta alikipokea kile kipande cha boksi, akakisoma huku akiendelea kuzungumza na simu, kisha akaniuliza, «Mwenye pikipiki yuko wapi?» Nilimjibu kwamba mwenye pikipiki ndiye mimi. Alitabasamu tabasamu ambalo kila mwanamke anayeendesha pikipiki analijua, akaingia ndani, akatoka na mfuko uliokwisha kufungwa na kunitajia bei. Makopo ya praima ile yana lebo ya aina moja kwa rangi zote, na rangi iliyomo huonyeshwa kwa alama ndogo ya duara kwenye kifuniko. Alama ya kopo langu ilikuwa imebandikwa karatasi ya bei juu yake. Fundi alipolifungua, ndani mlikuwa na kijivu kama saruji mbichi.

Nilirudi dukani siku ile ile. Sikwenda kugombana, nilikwenda kubadilishiwa. Yule kijana alilitazama kopo, akasema kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, «Dada, praima haionekani. Ikishapigwa rangi juu, nani atajua chini kuna nini? Mwambie fundi wako apige kazi.» Nilipomweleza kwamba fundi ndiye aliyetaka nyeupe, hakunijibu. Alinyoosha kidole kwenye tangazo lililokuwa ukutani nyuma yake, lenye maneno kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha akageukia mteja mwingine.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba maneno yake yana ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaowapoteza watu. Kazi ya praima ni kushika chuma, kuziba mikwaruzo ya msasa na kuipa rangi ya juu mahali pa kung'ang'ania, na katika mambo hayo praima nyeupe na ya kijivu za aina moja kwa kawaida hazina tofauti ya maana, kwa sababu gundi yake ni ile ile na kinachobadilika ni unga wa rangi tu. Lakini manjano ni rangi dhaifu katika kufunika. Mwanga hupenya ndani yake, hufika kwenye kilichopo chini, kisha hurudi machoni mwetu. Ukikuta weupe hurudi karibu wote, ukikuta kijivu sehemu yake humezwa humo humo, na manjano iliyokusudiwa kung'aa inapooza na kuelekea kwenye ukijani. Manjano za zamani zilizotengenezwa kwa kromati ya risasi zilifunika vizuri zaidi, ila risasi ni sumu, na nyingi za manjano zilizochukua nafasi yake zinahitaji msaada wa weupe chini. Nyekundu na rangi ya chungwa nazo zina udhaifu wa namna hiyo. Bluu iliyokolea, fedha na damu ya mzee hukaa vizuri juu ya kijivu, na nyeusi haijali sana imewekwa juu ya nini. Ile praima ya rangi ya kutu inafaa kwa fremu itakayopigwa nyeusi, lakini chini ya manjano ni balaa tupu.

Fundi hakunieleza yote hayo kwa maneno. Alichukua kifuniko cha kopo kuukuu, akakipuliza nusu moja praima nyeupe kutoka katika mabaki aliyokuwa nayo na nusu nyingine kijivu changu, akasubiri zikauke, kisha akapitisha manjano mkono mmoja, yaani tabaka moja, juu ya nusu zote mbili. Mstari wa katikati ulionekana wazi. Alipopiga mkono wa pili ulikuwa bado upo. Katika mkono wa tatu upande wa weupe ulikuwa umekamilika na unang'aa, na upande wa kijivu ulikuwa bado na uchafu fulani ndani yake, ukijani wa mbali ambao ukishauona mara moja huwezi tena kuacha kuuona.

Nilikifunga kile kifuniko katika gazeti nikakipeleka dukani, maana kama hoja ilikuwa kwamba praima haionekani, huo hapo ulikuwa ushahidi. Kijana alikiinua kwenye mwanga wa taa ya dari, akakigeuza, akasema, «Huo ni mwanga tu, dada.» Kisha akamwambia mteja aliyesimama karibu yangu, bila hata kushusha sauti, «Walimu bwana, kila kitu wanataka kusahihisha.» Wakacheka wote wawili. Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu. Labda ni ile chaki iliyokuwa kwenye mkono wa koti langu.

Matokeo yake ni haya. Mabaki ya praima nyeupe ya fundi yalitosha madgadi na kava za pembeni peke yake, kwa hiyo tangi likapigwa juu ya kijivu, na fundi akalazimika kuliongezea mikono ya manjano hadi kopo likakaribia kuisha. Kivulini pikipiki inapendeza. Ikitoka juani inakuwa na manjano mbili, ya tangi na ya vitu vingine vyote, ingawa zote zimetoka katika kopo moja. Wanafunzi wangu wameniuliza kama tangi nimeliazima kwenye pikipiki nyingine. Tena rangi iliyorundikwa nene namna ile hubanduka upesi ikigongwa, na tangi la pikipiki hugongwa na funguo kila siku.

Nikitenda haki, praima yenyewe si mbaya. Ilisuguka laini bila kuganda kwenye msasa, imeshika chuma barabara, na petroli iliyomwagika karibu na mfuniko wa tangi haijaivimbisha rangi, ijapokuwa sifa hiyo ni ya klia yenye hadina kuliko praima. Bei zao pia ziko chini kuliko za maduka mengine niliyopita. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota 3 kati ya 5. Nilipofika kwenye «walimu bwana» nimezipunguza hadi 1, na hiyo moja ni ya kopo, si ya duka.

Fundi ameniambia dawa yake: tangi lisuguliwe kwa msasa wa 800 pamoja na maji mpaka mng'ao wote uondoke, lipigwe mkono wa nyeupe wa kuzima kile kijivu, kisha manjano mikono 2 au 3 na klia juu. Gharama yote inatoka mfukoni mwangu. Nyeupe nimeinunua kwa mama mmoja mwenye kiduka kidogo, ambaye kabla sijatoa hela alifungua kopo, akachovya kijiti na kukipaka kwenye karatasi mbele ya macho yangu, bila kuuliza pikipiki ni ya nani.

Msasa wa lile duka la kwanza, hata hivyo, ni mzuri na sijaupata kwa bei ile kwingine, kwa hiyo huenda nikarudi kununua msasa. Praima sinunui tena pale, hata nikifunguliwa kopo.