Mashine za kupolishi gari: uanze na ipi?

Lioshe gari jeusi, liweke juani, kisha iangalie boneti kwa upande. Ile mikwaruzo midogo iliyojizungusha kama utando wa buibui imeletwa na matambara yenye vumbi, na imekaa kwenye kliya, tabaka la juu lisilo na rangi. Kliya ya kiwandani huwa na mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Polishi nayo haizibi mkwaruzo, inaipunguza kliya ya pembeni mpaka mkwaruzo uishe kina. Kwa hiyo usihangaike kwanza na nguvu ya mota. Jiulize mkono ukiteleza mashine itakusamehe au itatoboa.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni DA (dual action, yaani ya miendo miwili) ya kuzunguka huru, yenye mchezo, yaani upana wa duara inalocheza, wa milimita 15, na sahani ya kubandikia pedi ya inchi 5. Pedi yake inazunguka na papo hapo inacheza kwenye duara dogo, hivyo joto halikai mahali pamoja. Rupes LHR15 ya Italia ndiyo iliyozoeleka, ila zipo za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri. Ukiwa dukani, iwashe: inatakiwa ianze taratibu bila kuruka, na ukiikandamiza kidogo isipoteze kasi. Angalia pia skrubu ya sahani. Nyingine ni M8, nyingine 5/16 ya inchi. Zinakaribiana kwa macho lakini meno hayaingiliani, na ukilazimisha umeua sahani. Sahani kubwa kuliko iliyokuja na mashine usiifunge, kwa sababu uzito wa kusawazisha ndani umepimwa kwa ile ya awali. Utatetemeka mkono mpaka kiwiko.

Udhaifu wa DA hii ya kuzunguka huru ni kusimama. Ukigandamiza sana, au pedi ikikaa upande kwenye mkunjo wa mlango, mzunguko unakata na mashine inabaki kutetemeka tu. Chora mstari mmoja wa maka peni kwenye ukingo wa sahani. Mstari ukiwa hauonekani kwa kasi, pedi inafanya kazi. Ukiuona umetulia, unapoteza muda: punguza mkono, laza pedi.

Za mchezo wa milimita 21 zinavutia, na kwenye paa la Hiace au boneti ya Land Cruiser zinakwenda haraka. Kwenye nguzo nyembamba na bampa zinasumbua. Hiyo nunua baadaye.

Nafasi ya pili ni DA ya gia, mfano Flex XC 3401 VRG ya Ujerumani, mchezo milimita 8. Gia zinaulazimisha mzunguko, kwa hiyo haisimami hata kwenye mkunjo. Inakata zaidi, inatoa joto zaidi, na inavuta mkono kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Inamfaa mwenye magari mawili matatu kwa wiki.

Ya tatu ni rotari, ile inayozunguka tu bila mchezo, kama Makita 9237C. Mafundi rangi wanaipenda kwa haki: alama za msasa namba 2000 kwenye rangi mpya inazifuta upesi kuliko zote. Lakini joto lake linajikusanya. Kwenye kingo na mistari ya bodi, ambako rangi ni nyembamba, sekunde chache zinatosha kufika kwenye praima, tabaka la chini ya rangi. Bampa la plastiki ni hatari zaidi kwa kuwa halisambazi joto kama bati. Ukiwa nayo, baki kwenye mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika, bandika maskintepu kwenye kingo zote, na umalizie kwa DA, la sivyo gari likiwekwa juani litaonyesha mawimbi ya mng'ao kila ulikopita.

Ya mwisho kabisa ni grainda iliyofungwa pedi. Ya inchi 4½ inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Hiyo ni ya kukata vyuma. Zile za mikono miwili zenye kofia ya manyoya hupaka wax tu, mikwaruzo hazigusi.

Ya betri ni nzuri kwa mambo ya ndani na sehemu ndogo, ila gari zima litakumalizia betri kadhaa. Na ukitumiwa mashine na ndugu aliye Marekani, soma kibandiko: ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi zetu inaungua.

Usimalize hela yote kwenye mashine. Gari moja linataka pedi tano au sita, maana pedi iliyolowa kampaundi (polishi kali ya kukata) inachemka, haikati tena, na velkro yake inayeyuka. Isugue kwa brashi kila baada ya sehemu.

Jaribu kwanza mraba wa sentimita 50, kwa pedi laini. Weka matone matatu au manne ya ukubwa wa kunde, sambaza kwa kasi namba 1, panda hadi 4 au 5, kisha pita mara nne mpaka sita, wima na mlalo, mkono ukienda pole. Futa kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, kwa sababu mafuta ya polishi huficha mikwaruzo na kukudanganya. Haijatoka? Ndipo uongeze ukali wa pedi.

Tazama pia rangi inayobaki kwenye pedi. Toyota nyeupe ya namba 040 mara nyingi haina kliya, hivyo pedi kutoka nyeupe ni kawaida. Kwenye gari la metaliki (rangi yenye chembe za kung'aa, iliyofunikwa na kliya), pedi ikishika rangi ya gari, kliya imekwisha: zima mashine hapo hapo.